Barua Iliyokalishwa Eda

Mwaja wa Bugene alimaliza eda siku ya Alhamisi, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekasirika hata akauacha uji ukapoa.

Kaeni vizuri niwaeleze alikasirishwa na nini. Mwaja, ambaye wazee wake walipanda kutoka pwani na misafara, aliuza chumvi na kaniki pamoja na mumewe, Ramadhani. Aliwaona wanawake wa kijiji cha Kanoni wakitwanga kahawa kavu, nusu ya buni ikivunjika kinuni. Akabuni chombo chake: gogo lenye meno ya mti mgumu, linazungushwa kwa mpini ndani ya sanduku, maganda yatoke huku na buni nzima kule. Alichonga na kutupa kwa miaka mitatu mpaka kikafanya kazi. Ramadhani akamwandikia ombi katika boma la Wadachi, Bukoba, apewe hati kwamba chombo ni chake, mwingine asikiunde bila idhini yake. Ombi likasafirishwa Ulaya.

Kisha homa ikamchukua Ramadhani. Siku ya kumi na mbili ya eda, tarishi alileta barua ya boma: mleta ombi apeleke mchoro mwingine, unaoonyesha meno, kabla ya miezi mitatu, la sivyo ombi litahesabiwa limeachwa. Aliyeipokea ni Zubeiri, mdogo wa marehemu. Akaisoma, akaikunja, akaifungia katika sanduku la misahafu. Eda, mnajua, ni miezi minne na siku kumi. Alhamisi ile ndipo akamletea, kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta tunu.

"Ulikuwa edani, shemeji," alisema. "Mambo ya boma hayaingizwi kwa mfiwa. Nilikuheshimu."

"Eda inanizuia kuolewa na kujipamba. Kusoma imenizuia lini?" Mwaja aliuliza. "Kila siku ulileta ndizi hapa mlangoni. Ndizi zinapita, barua inakwama?"

Jirani yake, Maua, alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa Zubeiri, alisema, hata barua hukalishwa eda. Mwaja hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba huko Bukoba kuna fundi anauliza chombo kile kina meno mangapi.

Akamwamuru shemeji yake wafuatane. Walitembea siku tano, na njia nzima Zubeiri alikuwa akimshauri waseme tarishi alichelewa. Mwaja alitangulia mbele, na kila kilima alikipanda kama aliyegombana nacho.

Karani wa boma, mtu mpole, aliwaeleza bila kuficha kwamba ombi limekwisha kuhesabiwa limeachwa. Laweza kufufuliwa ikiwa mwenye nalo hakuliacha kwa hiari yake. Lakini sababu ya kuchelewa lazima aiseme yule aliyeichelewesha barua, na aape.

Zubeiri aliwatazama wanaume waliokaa barazani, wawili wakiwa watu wa msikiti wao. Akaanza habari za tarishi na mito kufurika. Karani akafungua daftari la tarishi, akamwonyesha jina lake na siku aliyotia sahihi.

"Sema, Zubeiri," Mwaja alisema polepole. "Ukidanganya hapa, umenizika mimi pamoja na kaka yako."

Zubeiri akainamisha kichwa. "Niliipokea mimi. Yeye hakujua." Karani akauliza kwa nini aliizuia. Akatoa lililokuwa moyoni. "Nilidhani kazi ile ni ya kaka. Nikaona imekwisha kufa naye."

Basi haikuwa heshima. Mwaja hakumtukana. Aliomba karatasi, akaketi sakafuni mbele ya wanaume wote wale, akachora gogo lake jino baada ya jino, arubaini na mawili, bila kuinua macho. Zubeiri akaapa, karani akaambatanisha kiapo na mchoro, akapiga mhuri.

Baada ya miezi sita jibu lilikuja, safari hii mkononi mwa Mwaja mwenyewe. Ombi limefufuliwa, nalo ni kwa jina lake. Watu walikuja kumpongeza, na Zubeiri akawa miongoni mwao, amevaa kanzu safi. Mwaja alimwitikia salamu, maana salamu ni haki ya Mwislamu. Kiti hakumpa.