Misuko Aliyoiacha Caroline

Saa sita kasorobo mchana, Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Menza Kiti anatoka chini ya boti pale Liwatoni, Mombasa, na kuanza kunawa mikono. Kazi hiyo itamchukua karibu nusu saa.

Kwanza ni mafuta ya taa, ya kuondoa rangi. Kisha sabuni ya kufulia na kipande cha kumbi la nazi. Mwisho anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kujipaka mafuta ya nazi, kidole kwa kidole, huku wenzake wakiendelea kukwangua.

"Ngozi ikiwa kavu, nywele za mtoto hunasa," anaeleza, akionyesha viganja vilivyochanika. "Ashley huniambia, baba, mikono yako ina miiba."

Menza, mwenye umri wa miaka 39, hukwangua na kupaka rangi maboti ya uvuvi. Hulipwa shilingi elfu moja kwa siku, siku ambazo kuna boti lililopandishwa nchi kavu, na mwezi mzuri huwa na siku kumi na nane za namna hiyo. Leo ameomba kutoka mapema. Msimamizi wake, Chonga, hakumwuliza sababu. Kila anayefanya kazi hapa anajua kwamba shule zikikaribia kufunguliwa, Menza huenda kusuka.

Ana mabinti wawili anaowalea peke yake katika nyumba ya kupanga mtaani Tudor. Rispah ana miaka kumi na Jumatatu anaingia gredi ya tano. Ashley ana miaka sita na anaanza gredi ya kwanza. Sare zimefuliwa, viatu vimepigwa rangi, na madaftari yamo mfukoni yakingoja kufunikwa.

Lakini vichwa ni viwili, na Menza husuka kimoja tu. Kwa miaka miwili sasa Rispah amekuwa akinyoa. Mwisho wa kila mwezi alikuwa akimjia baba yake na kumwambia, kwa adabu kabisa, "Nipeleke kinyozi." Menza alimpeleka kila mara, na kila mara, anasema, alirudi nyumbani akiwa amechoka kuliko siku ya kazi.

Kabla ya kukubali kusimulia kwa nini, alimwomba binti yake ruhusa. Rispah alifikiri kidogo, akasema ni sawa, ila isiandikwe kwamba alilia, kwa sababu hakulia.

Basi na iandikwe hivyo. Hakulia.

Mkewe Menza, Caroline, alikuwa akifua nguo katika nyumba tatu za Mji wa Kale. Mwezi wa Septemba, zaidi ya miaka miwili iliyopita, miguu yake ilianza kuvimba. Menza alimwambia apumzike, naye akajibu kwamba atapumzika Disemba. Ilipofika Novemba daktari alisema figo zimechoka na kwamba lazima alazwe.

Jioni mbili kabla ya kwenda hospitali, Caroline alitandika mkeka sebuleni akawasuka mabinti zake. Kwa kawaida alimaliza vichwa vyote viwili kwa jioni moja. Safari hii alihitaji jioni mbili, maana kila baada ya mistari mitatu ilibidi aegemee ukuta avute pumzi. Alipomaliza kichwa cha Rispah alikipapasa chote, mstari kwa mstari, kisha akasema, "Hizi zitawatosha mpaka nirudi."

Menza alikuwa kwenye kiti chake akitazama taarifa ya habari. Maneno aliyasikia. Kichwa hakukigeuza.

Caroline alifariki siku ya tisa ya kulazwa. Alizikwa nyumbani kwa kina Menza, Kaloleni. Matangani, shangazi za watoto walimfumua Ashley, aliyekuwa na miaka minne, wakamsuka upya. Walipomgeukia Rispah, alijifunga kitambaa kichwani na kwenda kukaa nyuma ya jiko. Wakamwacha. Waliona ni huzuni ya mtoto, itapita.

Haikupita. Disemba nzima alilala na kitambaa na kuoga bila kulowesha nywele. Kufikia Januari misuko ilikuwa imelegea, nywele mpya zimeota chini yake na kushikamana, na kichwa kilikuwa kimeanza kutoa harufu. Barua ya shule ilisema nywele za wanafunzi ziwe safi na nadhifu. Menza bado anayo. Haikusema zinyolewe.

Alijaribu kumfumua mara mbili. Mara ya kwanza mtoto alikimbilia kwa jirani. Mara ya pili alishika kichwa kwa mikono yote miwili na kusema, "Mama alisema mpaka arudi."

Menza anakumbuka: "Ningekaa naye chini nikamweleza kwamba mama harudi, ningekuwa nimefanya kazi ya baba. Lakini maneno hayo mimi mwenyewe nilikuwa sijayasema kwa sauti. Nikaona kinyozi ni rahisi zaidi."

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, alimwambia Rispah waende Mwembe Tayari kununua viatu. Na kweli walinunua. Rispah alichagua mwenyewe, vyeusi vyenye mkanda, akavivaa papo hapo, akatembea navyo huku akivitazama.

"Alikuwa amefurahi. Tangu msiba sikuwa nimemwona hivyo. Alinishika mkono njia nzima." Menza anavitazama viganja vyake. "Nilimpeleka kule akiwa amenishika mkono."

Walipofika mlangoni mwa kinyozi, Rispah alidhani baba yake anataka kunyoa ndevu. Kinyozi mwenyewe, alipoambiwa ni kichwa cha mtoto, aliuliza mara mbili kama wana hakika. Menza alisema wana hakika. Mashine haikuchukua hata dakika tano.

Rispah hakupigana. Alikaa wima, macho kwenye viatu vyake. Aliposhuka kitini ndipo alipouliza, "Nywele zangu ziko wapi?"

Kinyozi alikuwa keshazifagia. Zilikuwa kwenye debe pembeni, zimechanganyika na nywele za wanaume waliotangulia kunyolewa asubuhi ile. Rispah aliinama juu ya debe akachungulia. Hakugusa kitu. Menza akamwambia, "Twende, mwanangu. Zitaota nyingine."

Neno hilo, anasema, ndilo analotamani angelirudisha kinywani kuliko yote aliyowahi kusema. Zingeota nyingine, ndiyo, lakini zisingekuwa zimesukwa na Caroline.

Njiani kurudi Tudor, Rispah alitembea upande wa pili wa barabara. Karibu mwezi mzima alimjibu baba yake "ndiyo" na "hapana" tu. Alipika uji, alimvalisha mdogo wake, alifanya kazi zake za shule. Hakukuwa na lolote la kumgombezea.

Wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Awino, alimwita Menza. Alitaka kujua kwa nini mtoto aliyekuwa akiinua mkono kila swali sasa hainui kabisa. Menza akamsimulia. Mwalimu akasema bila ukali, "Baba Rispah, ungenipigia simu tu. Ningemwacha nazo hata muhula mzima."

Menza alitoka ofisini akasimama kwenye ukuta wa shule mpaka kengele ya mapumziko ikalia. Simu ilikuwa mfukoni mwake wakati wote ule. Salio lilikuwepo. Hakufikiria tu.

Kusuka alianza kujifunza mwaka uliofuata, Ashley alipotaka misuko kama wenzake. Mtu pekee aliyemjia akilini alikuwa Mwanakuu, mwenye saluni ya wanawake katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale. Nyumba yake ilikuwa moja ya zile tatu alimokuwa akifua nguo Caroline.

Mlango wa saluni ile una pazia zito, na mwanamume hapiti. Menza alisimama nje na kubisha hodi. Baada ya masalkheri na pole za msiba, alisema hakuja kusukiwa mtoto. Alikuja kufundishwa.

Mwanakuu alimtazama mikono. Akaingia ndani, akarudi na kitana na kigoda, akamkalisha kwenye baraza ya nje na Ashley akawekwa katikati ya magoti yake. "Kitwa cha mwana hakivutwi hivo," alimwambia kwa Kimvita chake, Menza alipoanza. "Shika pole. Mwana yuwasikia utungu."

Wapita njia walicheka. Bwana Muhdhar, mwenye duka la vitambaa mkabala, alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili akamletea mto wa kukalia. Menza anakiri kwamba misuko yake ya mwanzo ilifumuka yenyewe kabla hawajafika Tudor. Ilimchukua miezi minne kusuka mstari ulionyooka.

Rispah alikuwa akifuatana nao kila mara. Hakuwahi kutoa maoni. Alikaa kwenye kizingiti na kitabu chake, kichwa kikiwa kimenyolewa safi.

Mwezi uliopita, shule zikiwa zimefungwa, kitu kilibadilika. Mwisho wa mwezi ulifika na Rispah hakuomba kupelekwa kwa kinyozi. Menza aliona, akaogopa kuuliza. Alihofu akiuliza mtoto atabadili nia.

Alhamisi ya wiki hii, baba na binti walikuwa uani wakifua sare. Menza alikuwa ameyapanga maneno yake kwa siku nyingi, kila aendapo kazini. Alipoanza, yote yalimtoka akilini isipokuwa machache.

"Ile siku ya viatu nilikudanganya," alimwambia. "Nimekosa, mwanangu."

"Najua," Rispah alijibu, akiendelea kusuuza.

Kisha akauliza, "Ulijua ni za mama?"

Hapo, anasema Menza, palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema alikuwa amechanganyikiwa, kwamba hakufikiria. Hata mwalimu, kabla hawajaagana siku ile, alikuwa amemwambia kitu kama hicho ili kumpunguzia uzito.

"Nilijua," alimjibu.

Rispah hakusema amemsamehe. Alitoa soksi moja majini, akampa baba yake aikamue.

Sasa ni saa nane mchana, Mji wa Kale. Menza yuko kwenye baraza, Ashley katikati ya magoti yake, mafuta kwenye kifuniko cha chupa. Rispah amekaa kwenye kizingiti, akifunika madaftari yake kwa karatasi ya kaki. Nywele zake zimefika urefu wa kucha. Menza ameshasuka mistari minne, akianzia kwenye paji la uso kurudi nyuma, jinsi Mwanakuu alivyomfundisha.

"Mama hakuwa akianzia hapo," anasema Rispah, bila kuinua macho.

Vidole vya Menza vinasimama. "Alikuwa akianzia wapi?"

"Nyuma, karibu na shingo. Halafu anapanda juu."

Menza hakujua. Miaka yote ile Caroline aliwasuka mabinti zake sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye kiti chake, naye hajui mkono wa mkewe ulianzia wapi. "Nilikuwepo," atasema baadaye. "Lakini sikutazama."

Anaifumua mistari yote minne. Ashley analalamika kwamba sasa watachelewa kurudi nyumbani. Rispah anaweka daftari chini, anajifuta gundi kwenye gauni, anakuja na kumwinamisha mdogo wake kichwa. Kidole chake kinagusa shimo dogo la kisogo.

"Hapa," anasema.

Kazi hiyo inaendelea mpaka adhana ya alasiri na kupita. Mistari inatoka ikiwa imepinda, maana mkono wa Menza haujazoea kupanda. Mwanakuu anachungulia mara moja kutoka nyuma ya pazia, anatazama, anarudi ndani bila kurekebisha kitu.

Shule zitafungwa tena Aprili. Kwa hesabu ya Mwanakuu, nywele za Rispah zitakuwa zimefika urefu wa kushikika. Menza hajamwuliza binti yake kama atataka kusukwa, wala na nani. "Akimtaka Bi Mwanakuu, nitangoja hapa nje," anasema. "Akinitaka mimi..."

Mpango alionao ni mdogo. Anataka kuuzoesha mkono wake kuanzia nyuma, ili Aprili ikifika asiwe mwanafunzi. Amemwomba Ashley akubali kufumuliwa na kusukwa upya kila Jumapili. Ashley amekubali, kwa sharti kwamba asivute, na kwamba Rispah awe karibu kumwelekeza baba.

Rispah, alipoulizwa, alisema Jumapili hana kazi nyingine.