Jambazi wa Jumapili

Shida zangu zilianza mwaka wa 1969, nikiwa na miaka tisa, baba alipokufa akatuachia jembe na midomo mingi. Shule niliacha darasa la tatu. Nikaenda Molo kubeba magunia ya viazi, na hakuna mwenye lori aliyeniuliza nimetoka wapi. Waliangalia mgongo tu. Ndiyo maana mtu akitoka jela hapa Nakuru, mimi humtafutia kazi. Wasomi hufanya semina, wakanywa chai na mandazi, wakaenda kwao. Mimi huenda kwa wakulima tunaojuana, naongea.

Juzijuzi nilipata mmoja wa Kuresoi, mtu mzima, aliyefungwa kwa kuiba pampu ya maji. Mke wake alikuwa amemwambia wazi: urudi hapa na kazi, ama usirudi. Lakini kabla sijamfikia, kanisa lilikuwa limemfikia. Walimsimamisha atoe ushuhuda. Akasema aliiba pampu. Watu wakakohoa, mama mmoja akaangalia simu. Jumapili iliyofuata, kanisa lingine, akaongeza panga. Wakaitikia amina. Kufika Pasaka alikuwa na bunduki, genge na benki mbili. Akina mama walilia mpaka vitambaa vikawatoka kichwani. Wakampa sukari, blanketi na koti la marehemu fulani. Kazi je? Hata ya kufagia hilo kanisa hakupewa.

Nikampeleka Mau Narok kwa mkulima wa ngano, mzee wa kanisa, aliyekuwa anatafuta mtu wa stoo. Alipomwona tu akashika mlango.

“Mzee, huyu si yule wa benki? Bibi yangu alilia wiki nzima.”

“Aliiba pampu,” nikasema.

“Nilimsikia na masikio yangu. Hata tulimpigia makofi.”

Nikamgeukia mtu wangu. “Sema.”

Akaangalia viatu vyake. “Boss, ilikuwa pampu. Hayo mengine niliongezea watu. Ukisema pampu, hata chai hupati.”

Nikadhani tumemaliza. Mkulima akafikiri, akakunja uso.

“Sasa hiyo ndiyo mbaya zaidi. Jambazi akiokoka, huo ni ushindi. Lakini mwizi wa pampu? Mimi niko na pampu hapa shambani.”

“Kwa hivyo angekuwa ameua watu ungemwandika?”

“Usinichezee, mzee. Huyu tutamwombea.”

“Ameombewa mpaka amenona. Anataka kazi.”

Alitupa chai, lazima niseme, ya maziwa mengi. Tukashuka na pikapu yangu, na huyu wangu akauliza polepole, “Mzee, kwa mkulima mwingine nirudie ile ya benki?”

“Ukirudia, nakushukisha hapa kwa hii baridi.”

Hakukuwa na mkulima mwingine. Wale tunaojuana nilikuwa nimewamaliza wote. Nikampeleka Molo, nikamtia kwa stoo yangu mwenyewe, jambo ambalo ningefanya tangu mwanzo kama nisingekuwa napenda kujulikana kwa matajiri. Baadaye mke wake alikuja kuhakikisha. Hakunisalimia. Alimkuta mumewe anachagua viazi vya mbegu, funguo ziko kiunoni, akaziangalia, akamwambia, “Jumamosi nakuja na watoto.”

Mimi niliyeachiwa jembe, leo nina ekari nane Kuresoi, stoo mbili Molo, lori moja, pikapu moja iliyochoka, ng'ombe watano wa maziwa, na nyumba ya mawe hapa Nakuru.