Rozimari ya Mama Pale Ipogolo

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka saluni, nywele bado mbichi, akakaa karibu yangu, na harufu ikanifikia kabla hata hajanisalimia. Nikamuuliza kapaka nini. "Maji ya rozimari, bibi. Yanakuza nywele." Nikamwambia aende akazioshe sasa hivi. Akanuna, na ana haki ya kununa, maana sikumweleza kitu. Nawaeleza ninyi.

Miaka ya hamsini tulikaa Ipogolo, kule chini kabla hujaanza kupanda kuingia Iringa mjini. Baba alikuwa na duka kando ya barabara kuu. Yeye na mama yake, yaani bibi yetu tuliyekaa naye, asili yao pwani. Mama yangu alikuwa Mbena, kalelewa na masista wa misheni kabla ya kusilimu na kuolewa. Kwa masista alitoka na kijiti cha rozimari kimeviringishwa kwenye kitambaa cha maji, akakichomeka nyuma ya jiko, pale ukutani panapopata jua. Majirani walimcheka: bibi harusi gani huyu anakuja na kijiti! Lakini kilishika. Kikawa kichaka cha kunifika kiunoni, majani membamba kama sindano, na nyuki wakizunguka kutwa.

Mama alikitumia kwa kila kitu. Majani mabichi alitia kwenye supu ya mbuzi, makavu kwenye sanduku la mablanketi ili wadudu wasitoboe. Na mwezi wa sita, baridi ya Iringa inapouma mpaka kwenye meno, alitia tawi kwenye beseni la maji ya moto akatuogesha. Nikitoka humo nilijiona mtoto wa mfalme.

Bibi hakuipenda hata chembe. Kwao harufu ile ilikuwa ya kitu kimoja tu: karafuu maiti, ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya kumwosha marehemu. Kila mama alipochemsha majani yake, bibi aliziba pua kwa upindo wa kanga. "We mwanamke! Nani kafa humu ndani?" Mama alicheka tu, nami nikacheka, kwa sababu bibi akiziba pua alikuwa na sauti ya bata.

Mwaka mmoja mdogo wangu Salumu, hata kutambaa hajajua, alishikwa na mafua, kisha homa. Mama akamwogesha maji ya rozimari kama alivyotuogesha wengine. Homa haikushuka. Kifua kikambana, akaacha kunyonya. Asubuhi moja niliamshwa na kilio cha mama, kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu mwingine.

Msibani bibi alikaa mkekani katikati ya wanawake, na kila aliyeingia kutoa pole alipewa maneno yale yale. "Kamwosha maji ya maiti mtoto angali hai! Kamwitia Izraili kwa mkono wake mwenyewe!" Wanawake waliokuwa wakija kuomba majani ya supu wakawa hawamtazami mama usoni. Mmoja alisogeza hata mkeka wake. Baba ndiye aliyeking'oa kile kichaka, kwa jembe, kwa bidii ambayo sikupata kumwona nayo shambani.

Matanga yalipoondolewa, bibi akasema hakai nyumba moja na mwanamke yule. Baba akaandika talaka.

Siku ya kuondoka, mama alifunga mzigo wake asubuhi nzima. Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Baba alikaa barazani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Gari la Njombe likapita. Mama akasema atapanda linalofuata. "Anavuta siku huyo," bibi akasema, nami niliamini hivyo hivyo, kwamba anatafuta namna ya kubaki na mimi. Jua likiwa utosini akatoka, akasimama mbele ya baba, akamtazama. Baba akatazama viatu vyake. Mama akanishika kichwa, akajitwika mzigo, akaenda.

Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe nilipomfuata kwao Ubena na kumuuliza kwa nini hakujitetea. Ndipo akaniambia. Tangu siku ya kwanza ya homa alimsihi baba: "Baba Zuhura, mtoto anazidiwa, twende hospitali." Baba akajibu kwamba lori la mzigo linakuja, hawezi kufunga duka, na mke wake hatatoka peke yake. Wataenda kesho. Kesho yake akasema kesho.

"Sasa mbona hukuwaambia watu, mama?"

"Nani angeniamini mimi, Zuhura? Yalikuwa maneno yake yale, ayaseme yeye. Siku ile nakunja zile kanga, nilikuwa namngoja."

Asubuhi nzima alimngoja, na mtu mwenyewe yupo pale barazani, mama anamsikia akikohoa.

Baba aliishi miaka mingi, swala tano hazimpiti, Ipogolo nzima inamheshimu. Sikumsamehe, na sioni aibu kusema. Siku tuliyomzika, watu walikuja mmoja mmoja kunishika mkono na kumsifu, kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mkimya. Nikawaitikia wote. Alikuwa mkimya kweli.