Ukungu Nilioudhania Mvua

Mama yangu anaishi Ole, Pemba, kwenye nyumba ile ile niliyozaliwa mimi, na mwaka ule karafuu zilizaa mpaka matawi yakainama. Alinipigia simu mara tatu. "Njoo, mwanangu, magoti hayanichukui. Wachumaji ninao. Wa kunianulia sina." Nikamwambia kazi imebana, bosi hatoi ruhusa. Uongo mtupu. Ruhusa nilikuwa nayo, siku kumi nzima, ila nilishaahidi kwenda na wenzangu wa ofisini kutembea milimani, huko huko bara ninakofanya kazi.

Asiyejua kuanua nimweleze. Kwetu karafuu huanikwa juani juu ya majamvi, uwanjani mbele ya nyumba, na zikinyeshewa zimeharibika. Kwa hiyo likipita wingu tu, anayeliona kwanza hupiga ukelele, na mtaa mzima hukimbia. Wala hakuna anayeanua za kwake tu. Unaanua lile jamvi lililo karibu na mguu wako, mwenyewe awepo au awe kondeni, hata kama jana mmegombana. Mimi nimewahi kuanua karafuu za mwanamke aliyeninyima salamu mwaka mzima, wallahi, na siku ya pili akaendelea kuninyima.

Basi huo mji wa milimani. Subhanallah, vituko! Mtu mwenye pesa zake ameamua barabara nzima ifanane na Ulaya. Mapaa yamechongoka, madirishani imebandikwa theluji ya pamba, na kengele za ng'ombe zinauzwa kila duka, ng'ombe mwenyewe humwoni. Wauzaji wamevalishwa aproni zilizotariziwa maua. Mwenzangu mmoja, tunayekaa meza moja ofisini, alinunua kengele.

"Utamvisha nani?" nikamuuliza.

"Mume wangu. Nijue yuko wapi."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini roho yangu ilikuwa Ole. Nilikuwa naingia duka moja natoka jingine, kumbe nanusa mikono yangu. Msimu wa karafuu mikono yetu hunuka karafuu hata ukila wali, hata ukinawa kwa sabuni, na pale ilinuka sabuni tu. Nilipatamani kwetu, na haya nikaona, maana hakuna aliyenizuia kwenda isipokuwa mimi.

Nikaanza kumtafutia mama zawadi. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa mwongo ndio kabisa. Nikamchukulia blanketi la sufu, zito hilo. Blanketi! Kwa mtu wa Pemba, anayelala madirisha wazi.

Nilipotoka nalo nikakuta nje ya duka la majani ya chai imetandikwa mikeka miwili, na juu yake maua na maganda ya machungwa yanakauka. Mara jua likazimika. Kunyanyua macho, naliona wingu zima linashuka mlimani kuja kwetu. Sikufikiri.

"Mvuaaa! Anueni!"

Blanketi nikalitupa. Nikakusanya pembe nne za mkeka wa kwanza, nikaukumbatia, nikakimbilia mlango uliokuwa karibu, ambao ulikuwa wa duka la mtu mwingine. Nikarudi kubeba wa pili. Ndipo nikaona hakuna anayekimbia ila mimi. Watalii wamesimama, mmoja ananipiga picha, na mwenye duka la chai anakuja mbio huku aproni inapepea. "Mwizi! Weka chini!"

Mwenzangu akaingilia kati. "Si mwizi, dada, ni Mpemba." Kana kwamba hilo linatosha.

Nikamweleza mwenyewe habari za karafuu na kuanua kwetu. Yule mwanamke akatazama juu, akacheka. "Dada yangu, huo ni ukungu. Unapita hapa kila siku, hata haulowanishi." Akanisaidia kutandika upya. Halafu akaniuliza, kwa wema tu, "Na za kwenu leo anaanua nani?"

Nikakaa kwenye ngazi ya duka la saa, nikampigia mama. Hata shikamoo haijaitikiwa, saa iliyo nyuma yangu ikafunguka kidirisha, ndege wa mbao akatoka akalia, akalia tena, hanyamazi.

Mama akasikiliza. "Kazini kwenu mnafuga ndege?"

Njia ya mwongo fupi. Nikamwambia kila kitu, nikalia mbele za watu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Njoo. Lipo jamvi moja bado bichi. Litakungoja."

Nilifika Ole siku ya tatu, mchana. Uwanja ulikuwa mtupu. Karafuu zilishatiwa magunia. Majirani walikuwa wamemwanulia mama msimu mzima, hata yule anayeninyima salamu. Lilibaki jamvi moja karibu na mlango. Nikampa mama mkono, nikampa na blanketi lake, kisha nikachutama kuzitazama hizo karafuu mbichi. Zilikuwa zimekauka kau. Nilipozishika, vichwa vilipukutika vidoleni.

Jirani aliyekuwa amekuja kunipokea akaninong'oneza. "Hizo zimekauka tangu juma lililopita. Kila asubuhi anaziburuta nje, na magoti yake yale. Tukitaka kuzitia guniani anatufukuza."

Nikageuka. Mama alikuwa amekaa barazani, blanketi amejifunika miguuni asije akanivunja moyo, jasho linamtiririka. Akatazama juu. Mbingu nyeupe pe, hakuna hata kipande cha wingu.

"Mvua hiyo, mwanangu," akasema. "Anua."

Nikashika pembe nne za jamvi, nikakimbia.