Saini za Siku Ambazo Hazijafika

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa amefundisha miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akipiga mstari bila rula. Wanafunzi walimwita Mama Rula. Jina hilo alilijua na hakulichukia. Alimchukia mwalimu wa darasa la tatu.

Mwenyewe asingekiri. Wivu haubishi hodi ukataja jina lake. Hujiita utaratibu, hujiita uzoefu, hujiita uchungu wa watoto.

Mambo yalianza kuta za madarasa zilipopasuka. Mafundi walisema mtoto asiingie humo mpaka zijengwe upya, basi shule ikahamia majumbani. Kila Jumatatu mzazi alichukua bahasha ya kazi langoni, na Ijumaa akairudisha. Mama Rula alipanga bahasha zake kama alivyopanga kabati lake: saa mbili hesabu, saa tatu kusoma, saa nne sayansi, na mbele ya kila kipindi kisanduku cha saini ya mzazi. Vipindi thelathini kwa wiki, saini thelathini.

Yule wa darasa la tatu, binti aliyetoka chuoni juzi juzi, alitoa karatasi moja tu. "Pima mlango wenu kwa shibiri zako. Mwombe mtu mzima naye aupime kwa zake. Mbona hamkupata sawa?" Hesabu zake za kujumlisha zote zilikuwa za vizibo vya soda, hata watoto wakamwita Mwalimu Vizibo. Ijumaa bahasha zake zilirudi zimevimba: kamba zenye mafundo, michoro ya vivuli, barua za bibi zao wakieleza walivyohesabu zamani. Wazazi walisimama naye langoni wakicheka. Kwa Mama Rula walisema "shikamoo, mwalimu," wakaweka bahasha, wakapita.

"Wanamsifu sana," alimwambia mumewe, fundi cherehani, wakati wa chai. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Ameshalitia?"

"Atalitia."

"Basi mama watoto, ngoja alitie ndipo ulalamike. Wewe umeanza kulewa mapema."

Hakucheka. Siku hiyo mwalimu mkuu alikuwa amewaita, yeye na Mwalimu Vizibo. Ujenzi ungechukua muhula mzima, alisema, na shule haiwezi kwenda kwa mitindo miwili. Mpango mmoja ungefuatwa na madarasa yote, na mwenye mpango huo angeusimamia. "Ijumaa mje na ushahidi kwamba watoto wanafanya kazi kweli."

Ushahidi! Mama Rula alikuwa nao tele. Katika wiki tatu, watoto arobaini na mmoja kati ya arobaini na watatu walikuwa na saini zote, hakuna kisanduku kitupu. Alizipanga kwenye faili, akapiga mistari ya jedwali, akaona raha ambayo hakuwa ameionja tangu kuta zipasuke. Vizibo hakuwa na saini hata moja.

Alhamisi asubuhi muuza vitambaa mmoja, mama wa mwanafunzi wake, alifika langoni na begi la safari begani.

"Shikamoo, mwalimu. Naondoka leo, nikaona niilete kabisa."

"Marahaba." Mama Rula alifungua bahasha palepale, kwa mazoea. Jumatatu, saini. Jumanne na Jumatano, saini. Alhamisi, saini. Ijumaa, saini sita. "Mama, leo ni Alhamisi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ijumaa haijafika."

"Najua. Nimesaini zote mapema nisikusumbue." Alipoona uso wa mwalimu, aliongeza kwa haraka, "Jamani, si mimi peke yangu! Wote tunasaini Jumatatu jioni, tunamaliza. Nani atasimama kila saa ashike kalamu? Tuna kazi zetu."

"Na mtoto anafanya nini siku nzima?"

"Anafanya kazi! Yuko na mdogo wake wa darasa la tatu. Jana wamenipima hadi mimi. Eti mama ana shibiri kumi." Akacheka, akaenda zake.

Mama Rula alirudi ofisini akafungua faili. Sasa aliona: wino uleule, mkono uleule, mwinamo uleule kuanzia juu hadi chini, kama nguo iliyoshonwa kwa pumzi moja. Wazazi wa watoto arobaini na mmoja walikuwa wamemdanganya kwa adabu. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba wanafunzi wake mwenyewe walikuwa wanasoma kwa yule binti.

Alifunga faili. Nani angejua? Muuza vitambaa alikuwa safarini.

Ijumaa alikwenda nalo. Mwalimu mkuu alilifunua taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii ndiyo kazi. Na wewe, binti?"

Mwalimu Vizibo aliweka mezani boksi la vizibo, kamba na michoro ya watoto. "Mimi sina saini, mwalimu mkuu. Nina hivi tu." Kisha akamgeukia mwenzake. "Dada, mimi ningeshindwa. Umewezaje kuwapata wazazi wote?"

Aliuliza kwa moyo mweupe, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mama Rula alikuwa amewasimamisha watoto wangapi mbele ya darasa kwa kunakili jibu la jirani? Angependa binti huyo awe mnafiki hata kidogo. Hakuwa.

"Sikuwapata," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kama anagombeza. "Saini ni za uongo. Wamesaini zote Jumatatu. Nilijua jana, na nimelileta faili hivyohivyo."

Mwalimu mkuu alivua miwani. Halafu akalifunga faili, akamrudishia mwenyewe, akasema madarasa yote yatafuata mpango wa darasa la tatu, na kazi za darasa la nne kwa mtindo huo ziwe tayari Jumatatu.

Walipobaki wawili, binti alinyoosha mkono kutaka kumshika bega. Mama Rula alijisogeza kando. Kukiri kule hakukuwa kumemtoa wivu. Ulikaa palepale, kama mgeni asiyejua kuaga. Ila Jumatatu ilikuwa siku tatu mbele, na watoto arobaini na watatu hawakuwa na kosa.

"Nionyeshe unavyoanza," alisema. Hakuna neno lililomgharimu zaidi katika miaka ishirini na miwili.

"Naanza kwa kujiuliza, dada: nyumbani kwao kuna nini?"

Mama Rula alishika penseli. Akaandika jina la mtoto wa kwanza kutoka daftari la mahudhurio, akatafakari, akagundua hajui kwao kuna nini. La pili, hajui. La tatu, alijua kwamba mama yake huuza vitambaa. Akaandika: vitambaa, futi ya kupimia. Akaendelea na jina la nne.