Nilivyompelekea Mama Filamu ya Mwanawe Kifuniko

Niliondoka Shinyanga kwa sababu ya simu moja na kwa sababu ya mdomo wangu. Simu ilipigwa na Sayi, mdogo wake marehemu Kifuniko, yule mwigizaji ambaye nchi nzima ilimcheka kwa miaka mingi na sasa ilikuwa inamlilia. Mdomo ni huuhuu wangu, ambao tangu nirudi kutoka Dar es Salaam umekuwa ukiwaambia watu wa mtaa wetu wa Kambarage kwamba niliigiza na Kifuniko filamu yake ya kwanza, tena bega kwa bega.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa majokofu mwenye stashahada. Niliondoka nyumbani kijana, nimevaa ndala mbili zisizofanana, moja ya bluu na moja ya kijani. Nilirudi na stashahada, gari na akili ya kujenga nyumba yenye vigae sebuleni. Sikushikwa mkono na mjomba wala shangazi. Stashahada yenyewe imetundikwa ukutani, na mgeni akikaa kwenye kiti changu cha wageni hawezi kutazama kitu kingine.

Kifuniko naye alijulikana kwa jambo moja tu. Katika kila filamu alikuwa baba mchoyo. Akisikia hodi, anafunika sufuria, anajifuta mdomo, anatabasamu kama mwenye nyumba bora kuliko zote duniani, halafu anasema, "Karibu sana! Bahati mbaya, tumeshakula." Maneno hayo yalisemwa sokoni, maofisini na hata kwenye foleni ya hospitali.

"Fundi," Sayi aliniambia kwenye simu, "Jumamosi ni arobaini ya kaka. Filamu zake nyingine watu wanazo kwenye simu, lakini ile ya kwanza imepotea kabisa. Si wewe uliyecheza naye? Unayo?"

"Ninayo."

"Basi njoo nayo huku machimboni Namba Tisa, na runinga kubwa. Mama hajawahi kutazama hata moja."

Akanieleza. Mama yao, Mama Nkwabi (Nkwabi ndilo jina alilompa Kifuniko), alikuwa amesusia filamu za mwanawe tangu siku wanawake wenzake walipomuuliza kisimani, "Huyu ulimlea kwa njaa gani hata anafunika sufuria mbele ya wageni?" Kwa Msukuma hilo si swali, ni kofi. Kijana alimpelekea mabati, mama akapokea. Alipeleka mablanketi, akapokea. Filamu alizikataa, na mwanawe akafa hivyo. Sayi aliogopa kwamba matanga yakishaanuliwa, mama atalifunga jambo hilo moyoni na hatalifungua tena.

Nilikubali, kisha nikakaa kitandani nikifikiri. Kuigiza na Kifuniko niliigiza, hilo si uongo. Ukubwa wa nafasi yangu nitausema tutakapofika kwenye runinga.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Kambarage. Niliiweka runinga yangu ya inchi hamsini kiti cha nyuma, nikaizungushia mablanketi mawili na kuifunga mkanda. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama.

"Baba Neema, hiyo runinga umeifunga mkanda. Mimi tangu tununue hilo gari hujawahi kuniambia hata jifunge."

"Mama Neema, wewe ukianguka unainuka."

Hakunipa chapati za safari.

Saa tatu, Kahama. Nilisimamishwa na askari wa barabarani. Alichungulia nyuma kwa muda mrefu.

"Abiria wako mgonjwa?"

"Hapana afande, ni runinga."

"Runinga imefunga mkanda. Wewe mbona hujafunga?"

Nilitazama kifua changu. Kweli sikuwa nimefunga. Nikamweleza kuhusu stashahada, hakushtuka. Nikamweleza kuhusu safari, na papo hapo uso wake ukabadilika. Alivua kofia.

"Unakwenda kwa Kifuniko? Ungeanza na hilo. Mke wangu alinikubalia posa siku tulipocheka pamoja kwenye filamu yake." Akanirudishia leseni. "Jifunge, uende. Na ukitaka kuniachia ya maji ya kunywa, bahati mbaya, tumeshakula." Akacheka mwenyewe, halafu akageuka upande, akajifanya anatazama malori.

Saa sita mchana, baada ya Kakola. Hapo lami imekwisha, na mvua ya jana yake ilikuwa imeugeuza udongo mweusi kuwa uji. Gari langu, ambalo nimelisifu kwa watu wengi, lilizama mpaka tumboni umbali wa kilomita saba kutoka machimbo ya Namba Tisa. Baada ya saa mbili akatokea mwendesha bodaboda aitwaye Masanja, mtu mzima mwenye wake wawili na pikipiki moja, akalizunguka gari kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekufa.

"Fundi, hili litasubiri ng'ombe wa kulimia. Tupande."

"Na runinga?"

"Inapanda katikati. Wewe unaikumbatia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Namba Tisa. Masanja alikuwa mbele, runinga ilisimama katikati, nami nyuma nimeikumbatia, shavu kwenye blanketi, bila kuona nilikokuwa nakwenda. Njia nzima Masanja alinihoji juu ya filamu. Nilimwambia bega kwa bega. Akapunguza mwendo ili asikie vizuri. Nikaongeza kwamba bila mimi filamu ile isingekuwepo.

Saa tisa alasiri, Namba Tisa. Machimbo ya dhahabu huwa na kelele za karasha, zile mashine za kusaga mawe, lakini siku hiyo zilikuwa zimezimwa. Wachimbaji walikuwa wametoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya kuchimbia, na kukaa juu ya vifusi wakizungumza kwa sauti ndogo. Kifuniko alichimba hapo ujanani kabla ya kwenda Dar es Salaam, na mama yake hajahama, shamba lake liko hapohapo. Sayi alinipeleka kwake moja kwa moja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele wa kesho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ng'wana nani?"

Nikamtajia baba yangu Bundala, aliyekuwa mlinzi mgodini Mwadui, na babu yangu, na kwa kuwa hakuonyesha kuridhika, nikaongeza stashahada.

"Hiyo inaliwa na mboga gani?" akauliza.

"Ni ya majokofu, mama."

"Aa. Mimi mboga zangu nazianika." Akaendelea kuchambua mchele.

Nikamwambia nimeleta filamu. Mikono yake ikasimama.

"Ng'wanone, mwanangu, nisikilize. Katika nyumba hii mgeni hajawahi kulala na njaa. Hata mwaka ule tulipokuwa na michembe tu, viazi vikavu vile, tuligawana. Nkwabi aliyaona hayo kwa macho yake. Sasa unitoe hapa nikamtazame akifunika sufuria? Nimekwisha kumzika. Niache nimkumbuke akiwa na adabu."

Hapo ndipo nilipopaswa kutumia elimu yangu. Lakini kama mama hatazami, filamu haiwashwi, na kama filamu haiwashwi, bega langu linabaki pale lilipo katika fikra za watu. Mungu anisamehe, nilisema, "Sawa, mama," kwa haraka isiyomfaa mtu aliyesafiri na runinga mapajani.

Tulipotoka Sayi alinishika kiwiko. "Ndiyo kushawishi huko? Hata kunguru ungemshawishi kwa muda mrefu zaidi."

Jumamosi, saa sita mchana, uani kwa Mama Nkwabi. Katekista alikuwa amemaliza sala. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba wengine walisimama nje ya uzio wa minyaa. Masufuria ya wali yalikuwa yamepangwa chini ya turubai, nami, kama mgeni wa mbali, nilitangulizwa mbele na sahani yangu.

Ndipo alipotokea Mama Zuhura. Huyu ni mama lishe wa Namba Tisa, Mzaramo wa Kisarawe, na Kifuniko alikula kwake siku zote za uchimbaji. Mzaramo na Msukuma ni watani, na msibani mtani hufanya mambo ambayo mtu mwingine angepigwa kwayo. Alikuwa amevaa koti la marehemu, limemfika magotini. Akakaa mbele ya sufuria kubwa kuliko zote, akaifunika kwa kishindo, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Hodi," nikasema, maana njaa haina ujanja mwingine.

"Karibu sana, baba! Unatoka wapi?"

"Shinyanga."

"Shinyanga nzima hakuna wali? Bahati mbaya, tumeshakula."

Hakuna aliyecheka. Watu wote walikuwa wanamtazama Mama Nkwabi. Katekista naye akajaribu kusogeza sahani, Mama Zuhura akamwambia, "Na wewe si juzi tu ulihubiri kufunga? Funga!" Mchimbaji mmoja alitoa kicheko, akakimeza.

Mama Nkwabi akainuka. Alitembea polepole mpaka kwenye sufuria.

"Wewe Mzaramo, toka kwenye sufuria yangu."

"Mzaramo yuko wapi? Mimi ni Nkwabi." Mama Zuhura akavuta koti, akainamisha kichwa upande mmoja, na nyuma yangu nikasikia mtu akivuta pumzi, maana alifanana naye kabisa. "Kumbe na wewe umekuja, mama? Aibu gani hii. Ungetangulia kidogo tu! Tumeshakula."

"Nkwabi, unamnyima mama yako?"

"Mama, nikikupa wewe, hawa wote watajua wali upo!"

Mama Nkwabi akafungua mdomo ajibu. Kikatoka kicheko. Alijaribu kukizuia kwa upande wa khanga, kikampita, na ua mzima ukamfuata. Wachimbaji walipigana mgongoni, katekista akashika mti wa turubai, na wengi walikuwa wanalia palepale katika kucheka. Mama akawatazama mmoja mmoja.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya?"

"Ndivyo, mama," Sayi akajibu.

"Na watu walikuwa wanacheka hivi?"

"Nchi nzima."

"Nilidhani wanamcheka mama yake," akasema. Kisha akanigeukia. "Fundi, washa hiyo filamu yako."

Saa saba na nusu. Wenzangu walipokuwa wanakula, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na jenereta, nikiwaeleza wachimbaji wawili kanuni za mfumo wake wa kuwasha. Nilipofika kanuni ya tatu, mmoja wao akaweka sahani chini, akalipiga jenereta teke, likawaka. Hivyo sikula.

Saa nane. Runinga iliwekwa juu ya meza ya katekista, na Mama Nkwabi akakaa mbele kabisa. Kifuniko akatokea, kijana, mwembamba, amekaa kwenye ua wa nyumba ya kupanga ambamo na mimi nilikuwa na chumba changu. Mama akasogeza kigoda. Hodi ikapigwa. Kifuniko akafunika sufuria.

Akaingia mgeni. Kilichoonekana ni kisogo, kola ya shati na sikio moja. Kisogo kikasema, "Hodi wenyeji," kikaambiwa wameshakula, kikatoka. Hakikurudi tena.

Masanja aligeuka taratibu. Alikuwa akisubiri kuniona tangu mwanzo.

"Fundi, wewe unatokea wapi?"

Ningeweza kusema kipande changu kilikatwa. Lakini Mama Nkwabi alikuwa ameshanitazama, akatazama runinga, akanitazama tena upande wa sikio.

"Ni wewe huyo mgeni?"

"Ni mimi, mama."

Pakawa na kelele. "Bega kwa bega!" Masanja alipiga ukelele. "Bega lenyewe liko wapi? Nimebeba kisogo kilomita saba!" Mama akainua mkono, wakanyamaza.

"Na alikunyima?"

"Alininyima, mama."

"Ulikuwa na njaa kweli, au ni mchezo?"

"Njaa ilikuwa ya kweli. Nilikuwa natoka kazini sijala tangu asubuhi. Mwongozaji alitaka mtu wa kupiga hodi, nikawa napita."

"Na wali ulikuwa wa kweli?"

"Wa kweli. Na maharage."

Akaegemea mbele. "Halafu? Mashine ya picha ilipozimwa?"

Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa kuwa katika hadithi yangu sikuwa mgeni mwenye njaa. "Ilipozimwa," nikasema, "alifunua sufuria, akaita wapangaji wote wa uani. Mimi alinipakulia wa kwanza. Wali ukamwishia, akabaki anakwangua ukoko."

 Mama Nkwabi aliitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu aliyeletewa salamu zilizokawia njiani. Kisha akainuka, akaenda kwenye masufuria, akafunua moja, akachungulia. Akaifunika. Akajifuta mdomo.

"Karibu sana, fundi," akasema. "Bahati mbaya, tumeshakula."

Ua ulilipuka. Mama Zuhura alijitupa chini na koti la marehemu. Vicheko vilipopungua, mama alichukua mwiko, akaanza kukwangua, na akaniletea ukoko wote uliokuwamo. Ulikuwa umeungua upande mmoja. Niliumaliza.

Jumapili asubuhi, njiani kurudi. Gari langu lilitolewa matopeni na ng'ombe wanne wa kulimia, ambao hawakuhitaji maelezo yangu. Kahama yule askari alinipungia mkono. Nilikuwa nimejifunga mkanda.

Runinga niliiacha kwa Mama Nkwabi. Sayi ananiambia anatazama filamu ile kila jioni, na hodi ikipigwa hujibu kabla ya mwanawe.

Jambo nililojifunza ni kwamba miaka yote nilijipa nafasi kubwa na kuitupa ile iliyokuwa na kazi. Mhusika mkuu asingeweza kumwambia mama yule kitu. Alihitajika mtu aliyenyimwa wali akaja kupewa. Kwa hiyo siku hizi Kambarage nasema ukweli: niliigiza kisogo. Mke wangu akipata wageni ananiambia, "Baba Neema, hebu geuka wakuone." Nami nageuka, kwa sababu stashahada wanazo wengi, lakini kisogo kama hiki mjini Shinyanga kipo kimoja.