Nyota Iliyokataa Kusogea

Nakumbuka Idi moja, mwanangu, niliyoisali peke yangu chumbani, katika nchi ya baridi nilikokwenda kusomea nyota. Wazee husema mgeni ni kuku mweupe, kila mtu humwona. Mimi hata wa kuniona hakuwapo. Nikavaa koti, nikaenda kazini.

Kazi yangu ilikuwa kupima pembe. Dunia ikilizunguka jua, nyota ya karibu huonekana kusogea mbele ya nyota za mbali, na kwa msogeo huo hujulikana umbali wake. Lakini ni mdogo mno! Mtu asimamishe sarafu kule Kigombe, zaidi ya kilomita ishirini, nawe upime upana wake ukiwa hapa Chumbageni. Ndiyo pembe yenyewe hiyo.

Nilikuwa nimeshapima picha za mwaka mzima, na nyota yangu imesogea. Nilikwisha kumpigia Baba simu, naye kwa furaha akawatangazia watu msikitini. Asubuhi ile mwalimu wangu, bibi mmoja mkavu wa maneno, akazigeuza picha juu chini.

"Pima tena."

"Nimeshapima, mwalimu."

"Jicho hupenda kuona linachokitamani. Pima."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nikapima hadi alasiri, jengo zima kimya, nyumbani wakila pilau. Nilipolinganisha vipimo vya picha zilizogeuzwa na vile vya kwanza, msogeo ukayeyuka. Kumbe jicho langu lilikuwa likiegemea upande mmoja. Nyota ilikuwa mbali kuliko nilivyoweza kupima. Nililia bila kujificha, maana nimfiche nani?

Nikampigia Baba.

"Sikupata kitu, Baba."

"Umepima kweli, mama?"

"Nimepima."

"Basi hiyo ndiyo habari. Nitakwenda mwenyewe kuwaambia."

Na alikwenda, jioni ileile, wengine wakamcheka. Haya nilisimuliwa na shangazi yangu baadaye sana, kwani nilipofika nyumbani matanga ya Baba yalikuwa yameshaanuliwa.

Mwanangu, nawe unakwenda mbali. Utakaa siku nyingi bila wa kukuuliza umeamkaje, na upweke humfanya mtu apende jibu tamu. Usilipende. Unachokitamani sana kigeuze, ukipime upya. Ukikuta si kweli, sema mapema, hata kama umeshajisifia. Njia ya mwongo ni fupi. Mola akukinge na jicho lako mwenyewe, na akujaalie mtu wa kumpigia simu siku utakayokuwa huna kitu mkononi.